Jambo Kwanza: Kufundisha Kiingereza cha Ofisini na cha Gazetini

Mwalimu anayekabidhiwa darasa la watu wazima wanaokijua Kiingereza vizuri, wale wa ngazi ya B2 na C1 kwa kipimo cha Baraza la Ulaya, mara nyingi huingia darasani na kitabu cha sarufi mkononi. Sarufi wanayo tayari. Afisa manunuzi, karani wa benki, mwandishi wa habari aliyeajiriwa juzi, wote hao watakueleza tofauti ya "since" na "for" bila kusita. Wanachokosa ni mpangilio. Barua zao ni sahihi sentensi kwa sentensi, lakini anayezipokea anafika aya ya tatu hajajua anaombwa nini.

Hilo lina asili yake. Kwetu mtu hupiga hodi, husalimu, huuliza hali za nyumbani, ndipo hutoa shida iliyomleta. Barua rasmi ya Kiswahili nayo ina hodi yake: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Shuleni tumefundishwa insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Waliojiandaa na mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, IELTS, wameikomaza tabia hiyohiyo, kwa sababu insha yake ya maneno yasiyopungua 250 ndani ya dakika 40 huanza kwa kutambulisha mada. Basi mtu huyu akiketi kuandika malalamiko kwa Kiingereza, anaanza na "Refer to the heading above", anamtakia mwenzake afya njema, anasimulia uhusiano wao wa kibiashara tangu siku ya kwanza, na mzigo uliopungua anautaja karibu na saini.

Usimwambie kwamba adabu yake ni kosa. Mwambie kwamba katika Kiingereza adabu hukaa mahali pengine: kwenye kitenzi, "Could you", "We would be grateful if", na kwenye mstari wa mwisho wa shukrani. Hodi imehamishwa tu, haikufutwa. Darasa likilipokea hilo siku ya kwanza, umeokoa wiki kadhaa za wino mwekundu.

Hii ndiyo sababu ya kufundisha barua ya biashara na habari ya gazeti kwa pamoja, badala ya kuzitenga kama kozi mbili. Zote mbili zinaandikiwa mtu mwenye haraka anayeweza kuacha kusoma wakati wowote, na zote zinatanguliza jambo lenyewe. Mwanafunzi anayekwama kwenye barua huweza kuelewa kupitia gazeti, na kinyume chake.

Anza na barua. Toa tukio lenye tarakimu, kwa sababu tarakimu hazimwachii mtu nafasi ya kuzunguka. Kwa mfano: kampuni imeagiza mifuko 200 ya saruji, imefika 180, na katika hiyo 12 imepasuka. Waache waandike kwa dakika 15 bila maelekezo yoyote. Kisha waambie wafunike kila kitu isipokuwa sentensi mbili za kwanza baada ya salamu, wambadilishie jirani karatasi. Jirani ajibu: natakiwa kufanya nini, na lini? Katika darasa la kwanza wengi watabaki wakitazamana. Baada ya hapo ndipo uonyeshe toleo hili:

"On 4 June we received 180 bags of cement against our order of 200, and 12 of those were torn. Could you please deliver the remaining 20 bags and replace the 12 torn ones by 4 p.m. on Friday? The signed delivery note and photographs are attached."

Sentensi tatu: kilichotokea, kinachoombwa na muda wake, ushahidi. Waeleze kwamba mada ya barua pepe yenyewe inapaswa kubeba ombi. "Cement order 117: 32 bags due Friday" inamfikia mtu hata kabla hajafungua. "Request" au "Complaint" peke yake haimwambii kitu, na kesho kutwa akiitafuta hataiona kati ya barua nyingine arobaini zenye mada hiyohiyo.

Kwenye mfano huu simama kidogo kwenye neno "by". Kiswahili kinatumia "hadi" au "mpaka" kwa maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha. "Tuma mpaka Ijumaa" inawafanya waandike "Send until Friday", na mzungumzaji wa Kiingereza anaelewa kwamba aendelee kutuma kila siku kisha Ijumaa aache. Anayedai tarehe ya mwisho aandike "by". Kosa hili dogo limo hata kwenye barua za watu wenye shahada mbili.

Salamu na kuaga zifundishwe kwa dakika tano, zisizidi. "Dear Sir or Madam" huenda na "Yours faithfully". Ukimtaja mtu kwa jina, ni "Yours sincerely". Huo ni utaratibu wa Uingereza, ambao ofisi zetu nyingi zimeurithi; Marekani "Sincerely" inatosha. Kinachohitaji mkazo zaidi ni jina lenyewe: sisi tunasema Bwana Juma kwa heshima kamili, lakini Kiingereza huweka "Mr" mbele ya jina la ukoo. "Dear Mr John" humchekesha mpokeaji wa nje kabla hajasoma shida yako.

Sasa gazeti. Kwa wenzetu walio Dar es Salaam kuna zana nzuri ya bei rahisi: Mwananchi la Kiswahili na The Citizen la Kiingereza ni ya kampuni moja, na mara nyingi yana tukio lilelile siku ileile. Leta nakala zote mbili. Soma aya ya kwanza ya kila moja kwa sauti, halafu waulize tukio limetajwa neno la ngapi. Usiwape kazi ya kutafsiri moja kwenda nyingine. Tafsiri huburuta mpangilio wa Kiswahili nyuma yake, na mpangilio ndio unaojaribu kuubadilisha. Waandike ukweli wa tukio kwenye vikaratasi, ukweli mmoja kila kikaratasi, wavipange kwa uzito, ndipo waandike Kiingereza moja kwa moja kutoka kwenye vikaratasi.

Zoezi la pili: chukua habari fupi ya maneno 200 hadi 250, ikate aya kwa aya, ficha kichwa, gawa kwa makundi ya watu wannewanne. Dakika 12 za kuipanga upya. Kila kundi lieleze kwa nini aya fulani ni ya mwisho. Watagundua wenyewe kwamba aya ya mwisho ni ile ambayo mhariri akiikata kwa kukosa nafasi, habari haidhuriki. Ndiyo maana umbo hilo, lenye mazito juu na mepesi chini, huitwa piramidi iliyopinduliwa. Baada ya hapo, kila wanachoandika kipitie kisu hichohicho: kata aya ya mwisho, soma, kata nyingine, soma. Habari ikianguka mapema, kuna jambo zito lililofichwa chini.

Aya ya kwanza ya habari ngumu, yaani habari ya tukio lililotokea punde, iwe na maneno 20 hadi 35. Mwanafunzi aliyepewa tukio la moto sokoni ataanza kama msimulizi: ilikuwa usiku, watu wamelala, ghafla moshi. Mwonyeshe: "Fire destroyed 40 stalls at a town market early on Tuesday, leaving traders without stock two weeks before Eid, police said." Maneno 21. Ndani yake kuna nini, kiasi gani, wapi, lini, matokeo, na nani kasema. Huo moshi na usingizi wa watu unaweza kupata nafasi aya ya sita, ukitoka kinywani mwa shahidi.

Hapo kwenye "early on Tuesday" pana mtego mkubwa. Polisi amesema "saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne". Saa tisa yetu ni 3 a.m., na usiku wa kuamkia Jumanne, kwa saa hiyo, ni Jumanne tayari. Mwandishi mchanga anaandika "9 p.m. on Monday", na moto umewaka saa sita kabla ya wakati wake. Kwenye habari ya mauaji au ajali, saa sita zinaweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo. Fanya mazoezi ya saa na siku kila wiki, dakika tano za mwanzo, bila aibu ya kuonekana unafundisha watoto. Ongeza na "laki": laki tatu ni 300,000, na "milioni moja na nusu" iandikwe "Sh1.5 million", wala si "one and half million".

Makosa mengine ya Kiswahili kuchungulia ndani ya Kiingereza yanajirudia kiasi kwamba unaweza kuyasubiri mlangoni. "Meneja amesafiri jana" ni Kiswahili safi, lakini "The manager has travelled yesterday" si Kiingereza. Dawa yake ni ya macho: wazungushie duara kila neno la wakati, "yesterday", "on Monday", "in 2019". Penye duara la wakati uliokwisha, kitenzi kiwe cha wakati uliopita wa kawaida. Gazeti hutaja siku karibu kila tukio, kwa hiyo mwili wa habari hukaa humo. "Yeye" naye hana jinsia, na mkurugenzi anaanza akiwa "she" anaishia "he". Hilo msilitafute kwa kusoma haraka, lisomwe peke yake, mara moja, kabla ya kuwasilisha. "Viongozi" hugeuzwa "leaders" hata pale wanapokusudiwa watendaji wa halmashauri, ambao Kiingereza huwaita "officials".

Kisha kuna maneno yanayoficha. "Changamoto" inakuwa "challenges", "wadau" wanakuwa "stakeholders", na aya nzima inapita bila msomaji kujua kama tatizo ni maji, barabara au mishahara. Kila "challenge" inayojitokeza, uliza: ipi? Kubwa zaidi ni "watachukuliwa hatua". Mwanafunzi anaandika "steps will be taken against them", na ukimuuliza hatua gani, hajui, kwa sababu msemaji hakusema na yeye hakuuliza. Kiingereza kina "prosecuted", "dismissed", "fined", "suspended", na kila moja ni jambo tofauti mbele ya sheria. Hapa somo la lugha linakuwa somo la uandishi: arudi kwa chanzo akaulize. Kama msemaji hakufafanua, aandike kwamba hakufafanua.

Nukuu zinataka uangalifu huohuo. Mkuu wa wilaya anasema kwa Kiswahili, "Hatutamfumbia macho mtu yeyote," na kesho gazeti la Kiingereza linamfanya aseme "We will not close our eyes for anybody". Maneno yaliyotafsiriwa hivyo yakiwekwa kwenye alama za nukuu yanamfanya mtu mwenye ufasaha aonekane hajui lugha. Kanuni nzuri: kama maana ni wazi na Kiingereza chake ni cha kawaida, nukuu, kama ni nahau, tumia kauli taarifa, "He said no offender would be spared." Na kitenzi cha kunukulia kiwe "said". Wanafunzi wa ngazi ya juu hupenda "lamented", "opined", "reiterated", wakidhani wanaonyesha msamiati. "Said" haimchoshi msomaji, na haimhukumu aliyesema.

Habari za mahakama na polisi zisiguswe kabla hawajatenganisha "suspect", "accused" na "convict", kama sisi tunavyotenganisha mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani. Kosa linalowapata hata wazoefu ni "The suspect broke into the shop". Aliyevunja duka ni mwizi, awe nani. Mtuhumiwa ni yule polisi wanayemshuku. Sentensi hiyo imekwisha kumtia hatiani kabla ya hakimu.

Vichwa vya habari viwe mwishoni mwa kozi. Sarufi yake ni ya pekee: wakati uliopo kwa jambo lililopita, "MPs back bill", "to" kwa lijalo, "Minister to open bridge", na "are" huondolewa, "Two held over ivory". Wakijifunza mapema mno, mtindo huu unavuja hadi kwenye aya, na "probe", "row" na "axe" zinaingia kwenye barua pepe za ofisi.

Kazi ya mwisho inayounganisha pande zote mbili ni taarifa kwa vyombo vya habari. Nusu ya darasa ni kampuni, nusu ni chumba cha habari. Kampuni inaandika ukurasa mmoja: mji na tarehe, aya ya kwanza yenye jambo lenyewe, nukuu moja ya mhusika kwenye aya ya pili au ya tatu, maelezo mafupi ya kampuni mwishoni, jina na simu ya mtu atakayepokea maswali. Chumba cha habari kinapewa dakika 30 kutoa habari ya maneno 150, na kina haki ya kupiga simu. Taarifa iliyoanza kwa "The company is delighted to announce" itarudi ikiwa imefutwa maneno hayo, na walioandika wataona kwa macho yao ni sentensi zipi zilizonusurika.

Kwenye kusahihisha, chagua aina tatu tu za makosa kwa kila kazi na uzitangaze kabla hawajaandika. Ukisahihisha yote, mtu anapokea karatasi nyekundu, anaangalia alama, anaikunja. Weka ishara pembeni badala ya jibu: T kwa wakati wa kitenzi, A kwa "a" na "the", M kwa mpangilio, naye atafute kosa mwenyewe kwenye mstari huo. Rasimu ya kwanza isipewe alama kabisa. Alama iende kwenye rasimu ya pili, iliyobanwa na ile ya kwanza nyuma yake, ili uone alichobadilisha na alichokipita.