Kuotesha saipresi kwa matawi: shida yako si maji

Ndugu wa Ruiru, umesema ulichomeka matawi ya saipresi udongoni, yakakaa kijani mwezi mzima, kisha yakakauka yote karibu kwa mpigo. Unauliza kama kweli unaweza kupata ua wa kuzungushia boma bila kununua miche. Unaweza. Sehemu kubwa ya ua wangu hapa Kasarani imetoka kwenye ua wa jirani.

Kwanza, ukijani usikudanganye. Majani ya saipresi ni madogo, magumu, yana nta, kwa hiyo tawi lililokatwa hukaa wiki nyingi likionekana zima bila hata mzizi mmoja. Ndiyo maana yale ya Krismasi hufika Januari sebuleni. Muda wote huo linaishi kwa akiba yake. Na mtu akiliona limeanza kufifia humwagilia zaidi, udongo wetu mwekundu unashikana, kitako kinaoza. Tawi lisilo na mizizi haliwezi kunywa kwa kasi linayopoteza maji, basi dawa ni kulizuia lisipoteze: hewa yenye unyevu na kivuli.

Lakini kabla ya hayo, chagua mti mama vizuri. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nasisitiza kuliko jambo lingine lolote. Mti mkubwa uliozeeka hutoa matawi yanayoota kwa shida sana, hata uyatunze vizuri. Tafuta ua mchanga, au ule unaokatwa mara kwa mara, maana machipukizi yake yana nguvu. Mimi huchukua mwishoni mwa Mei au Juni: mvua za masika zimepita, chipukizi limekomaa kidogo, na mawingu ya Nairobi yanasaidia kazi. Maelezo ya Ulaya ya kukata majira ya baridi kali achana nayo, hapa hatuna theluji.

Nenda asubuhi. Shika kitawi cha pembeni chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, kivute kuelekea chini king'oke na kipande cha gamba la tawi kubwa. Hicho kisigino ndicho unachokitaka. Punguza ule mkia wa gamba kwa wembe safi, toa majani theluthi ya chini, kisha paruza ngozi upande mmoja mpaka uone weupe. Utasikia harufu ya utomvu mikononi siku nzima. Chovya kitako kwenye poda ya kuotesha mizizi kutoka agroveti (angalia pakiti imeandikwa IBA, yaani homoni ya kuotesha mizizi), kung'uta inayozidi. Asali ambayo watu husifia haifanyi kazi hiyo.

Usitumie udongo wa shamba wala mbolea. Mchanga wa mto uliooshwa unatosha. Toboa shimo kwa kijiti kwanza ili poda isifutike, weka tawi, bana mchanga, mwagilia mara moja, funika kwa chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako. Weka mahali penye mwanga lakini jua lisipopiga. Chupa kwenye jua hupika kila kitu ndani. Fungua kifuniko kidogo kila baada ya siku chache, hewa ibadilike.

Halafu subiri, na usivute kuangalia. Kitako hufanya kwanza kinundu cheupe, mizizi huja baadaye, miezi miwili hadi minne, pengine zaidi. Ncha mpya za kijani cha kung'aa ndizo dalili nzuri, na hata hapo vuta taratibu sana uone kama limeshika. Hamishia kwenye mifuko ya miche, izoeze jua kidogo kidogo, upande ardhini masika yanayofuata.

Ukishapanda, kagua matawi ya ndani mara kwa mara. Chawa wa saipresi aliingia Kenya mwaka 1990 na akakausha miti mingi sana. Akianza utaona majani yanageuka kahawia kutoka ndani na majimaji matamu yanayonata.

Mti wa podo nao unakubali njia hii, ila ni wa polepole zaidi. Mti wa araukaria ukikata tawi la pembeni litaota likitambaa kando maisha yote, linatakiwa la kileleni. Na ule msonobari uliouliza, usijisumbue na matawi. Nunua mbegu KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pale Muguga.