Mnaoanza kazi ya vinasaba vya panya, anzeni na lebo

Wadogo zangu mnaoanza kufuatilia asili ya panya kwa DNA, naona wengi mnakimbilia mashine na programu za kuchora mti wa ukoo, hizo mtazijua tu, kazi inaharibikiaga shambani. Msimu wangu wa kwanza niliandika namba za tyubu kwa maka peni, njiani ethanoli, ile spiriti ya kuhifadhia sampuli, ikavuja kwenye boksi, kufika maabara tyubu kama 40 hazisomeki hata moja. Kipande cha sikio kipo, kimekaa vizuri kabisa, ila hujui panya alitegwa kijiji gani, na bila kijiji hawezi kukwambia chochote kuhusu wenzake walivyosambaa. Nililia kweli. Sa hivi naandika kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu, nakitumbukiza humohumo ndani, ethanoli haifuti penseli, alafu namba hiyohiyo naiweka kwenye daftari na jipiesi, jinsia, uzito na tarehe.

Kijiji kina uzito gani? Mchukulieni panya shamba, Mastomys natalensis, huyuhuyu anayefukua mbegu za mahindi ulizopanda juzi. Yuko sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na kwa macho huwezi kuwatofautisha, ila watafiti wakasoma jeni ya saitokromu b, iliyo kwenye DNA ya mitokondria (vile vijumba vya nguvu vya seli), yenye herufi za DNA kama 1,140, wakakuta koo sita. Ukishika barabara ya Dodoma kutoka Morogoro mpaka Gairo unakuwa umevuka mpaka wa koo mbili, B-V na B-IV, na kila ukoo una kirusi chake, kirusi cha Morogoro huku, kirusi cha Gairo kule! Kirusi cha Lassa cha Afrika Magharibi nacho kiko kwa ukoo wa A-I. Ndo maana naumia mtu akisema panya ni panya tu.

Hapo mpakani mitokondria peke yake haitoshi, maana inarithiwa kwa mama, kwa hiyo mwenye mama wa Morogoro na baba wa Gairo utamuandika wa Morogoro na chotara umempoteza. Ongeza maikrosatelaiti, vile vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, za kwenye kiini cha seli, maana hizo zinatoka kwa baba na mama.

Na msijaze sampuli toka shamba moja. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja, unajikuta umebeba ndugu wa tumbo moja unadhani ni kijiji kizima. Chukua wachache, songa mbele.

Ukishapata majibu, fungua grafu zenyewe za mashine ya kusoma DNA uziangalie kwa macho. Vilele viwili sehemu moja, au alama ya kusimama (herufi tatu zinazoiambia seli iache kutengeneza protini) katikati ya jeni, inawezekana umesoma nakala mfu ya jeni ya mitokondria iliyohamia kwenye kiini. Ila kabla hujatupa sampuli hakikisha kwenye programu umechagua jedwali la kutafsiri herufi za DNA la mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo, kwa sababu herufi TGA, ambazo kwenye jedwali la kawaida ni alama ya kusimama, humo ni triptofani, tofali mojawapo la protini, hazisimamishi kitu.