Maswali ya Wasomaji: Kitanda cha ukutani kitafaa kwangu?

Barua kadhaa za mwezi huu zinauliza kuhusu kitanda kile kinachosimama ndani ya kabati mchana na kushushwa usiku. Tumechagua tano.

Naishi bedsita ya futi 10 kwa 11 hapa Roysambu na nashona nguo nyumbani. Kitanda cha 5 kwa 6 kimemaliza nyumba. Nikiweka cha ukutani, nitapata mahali pa cherehani na meza ya kukatia vitambaa?
*Mshonaji, Roysambu*

Nafasi utapata, dada, ila si yote unayoiwazia. Kitanda chako sasa kinakalia futi 30 za mraba. Kikisimamishwa, kabati lake bado litataka upana wa futi 5 na nusu na kina cha inchi 16 hadi 18, yaani kama futi 8 za mraba. Unachookoa ni futi 22 hivi, tena za mchana tu. Meza ya kukatia itatosha hapo, mradi iwe ya kukunja.

Kabla ya kumpigia fundi simu, nunua utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, ubandike sakafuni mstatili wa futi 5 na nusu kwa 7 kuanzia ukutani. Godoro ni futi 6. Hiyo moja inayozidi inaliwa na fremu, ubao wa miguuni na nafasi ya bawaba ndani ya kabati. Kitanda kikianzia pembeni kwenye ukuta wa futi 10, ubavuni utabaki na futi 4 na nusu, na miguuni futi 4. Cherehani ya miguu ya chuma ikae kwenye hizo futi 4 na nusu na isiondoke tena, maana hakuna anayesukuma cherehani kila usiku. Hakikisha mlango unafunguka wote bila kugusa utepe, na kwamba popote unapopita kumebaki angalau inchi 24.

Angalia na juu. Kabati hufika karibu futi 7, na kitanda kinaposhuka ncha yake hukata upinde hewani: ikiwa imetoka futi 5 kutoka ukutani, bado iko kimo cha futi 5 hivi. Taa inayoning'inia, rafu au fimbo ya pazia ikiwa ndani ya upinde huo, itagongwa.

Kisha ishi na utepe huo wiki nzima. Kila jioni hesabu vitu unavyolazimika kuondoa ili mstatili ubaki wazi. Kimoja si neno. Vikiwa vitatu, tunakuambia mapema: baada ya wiki mbili kitanda kitashinda kimeshushwa kutwa, nawe utakuwa umenunua kitanda cha kawaida kwa bei ya kitanda na kabati.

Nimepanga kwenye ghorofa mpya Kilimani. Ukuta wa chumba ukigongwa unalia kama ngoma. Fundi anasema skrubu za inchi 3 na rolplagi (vile vijibomba vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) zinatosha kushika kabati. Je, nikubali?
*Mpangaji, Kilimani*

Usikubali, si kwa ukuta huo.

Watu hudhani uzito wa kitanda unabebwa na sakafu. Kikiwa kimelala chini, ndiyo. Lakini kikiwa nusu njia, kinageuka kuwa mtaimbo: uzito wote uko mbele na kabati linavutwa liuache ukuta kuanzia juu. Hapo ndipo linapong'oka na kumwangukia anayelishusha. Mwaka 2022 huko Marekani vitanda vya aina hii zaidi ya 120,000 viliitwa virudishwe kwa sababu hiyohiyo, baada ya mama wa miaka 79 kuangukiwa na kufa.

Kwa hiyo jua kwanza ukuta wako ni wa nini. Toboa tundu moja la milimita 6 mahali ambapo kabati litafunika. Keekee ikienda polepole mfululizo na kutoa unga wa jiwe, huo ni ukuta wa mawe, kama yale ya Ndarugu yaliyojenga nusu ya Nairobi, au ni zege, zote zinafaa. Ikipenya ghafla na kukosa kitu, hilo ni tofali lenye uwazi. Ukitoka unga mweupe laini, ni jipsam. Zikitoka punje nyeupe nyepesi kama za boksi la friji mpya, ni paneli ya povu iliyopakwa zege jembamba.

Ukuta wa mawe au zege unataka bolti za kutanuka za milimita 10, zisizopungua nne, kwenye ubao wa juu wa kabati. Ziingie sentimita 7 au 8 ndani ya jiwe lenyewe. Plasta ya sentimita moja na nusu haishiki chochote, kwa hiyo usiihesabu. Bolti isikae kwenye kiungo kati ya jiwe na jiwe, maana ikikazwa inapasua saruji na kuzunguka bure. Tofali lenye uwazi linahitaji bolti ipite hadi upande wa pili na kushikwa na bamba la chuma, jambo ambalo jirani hatalipenda. Kwa jipsam na povu, achana na mpango huu au uhamie ukuta mwingine wa chumba hichohicho. Ukihama, usitoboe juu kabisa ya soketi au swichi, kwani nyaya hupanda hapo, wala ukuta unaopakana na bafu.

Kwa kuwa umepanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi ukitaja idadi ya matundu na nani atayaziba. Na mwambie fundi asigandishe kabati kwa gundi. Liunganishwe kwa bolti zinazofunguka, la sivyo siku ya kuhama halitapita kwenye ngazi.

Fundi wa Ngong Road ananitengenezea cha 5 kwa 6. Anauliza kama nataka springi au pistoni, na godoro nitanunua baadaye. Nimwambieje?
*Baba Watoto, Rongai*

Mwambie asubiri, ukanunue godoro kwanza. Hili ndilo kosa linaloharibu vitanda vingi, na ni la kizembe.

Springi au pistoni ya gesi (ndugu ya ile inayoinua buti la gari la Probox) huchaguliwa kulingana na uzito wa fremu pamoja na godoro. Godoro la sponji la 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.57, sponji ya kilo 25 kwa mita ya ujazo inakupa godoro la kilo 14 hivi. La springi laweza kuwa mara mbili ya hapo au zaidi. Pistoni zilizopimwa kwa la kwanza zitashindwa na la pili, na kitanda kitakudondokea mikononi. Kinyume chake, pistoni za godoro zito zikiwekewa jepesi, kitanda hakitaki kukaa chini.

Mtu mzima ashike godoro mikononi, apande mizani, kisha utoe uzito wake mwenyewe. Mpe fundi namba hiyo pamoja na unene. Tunapendelea sponji nzito ya inchi 6 au 8. Inchi 10 hulazimisha kabati kuwa nene, na shuka na blanketi hazitakuwa na pa kukaa.

Kati ya hivyo viwili, springi hudumu na unaweza kuongeza au kupunguza moja moja, ila hulia. Pistoni ni kimya na laini lakini gesi huisha taratibu. Chagua yoyote, mradi iwe mpya na nguvu yake imeandikwa kwa nyutoni (kipimo cha nguvu). Pistoni za buti la gari zilizotumika, za kule Grogan kunakouzwa vipuri vya magari, hazifai kabisa.

Siku ya kukabidhiwa, kishushe hadi katikati ukiachilie polepole. Kinapaswa kutulia au kusogea kidogo tu. Kikiwa chini kibaki chini, na mkono mmoja uweze kukipandisha. Kwa kuwa una watoto, dai komeo kwenye kimo cha futi 5. Na mtu yeyote asitoe godoro kitanda kikiwa kimeshushwa: bila uzito ule, fremu huruka juu kwa nguvu ya kuvunja taya.

Kumbuka hewa pia. Matundu machache nyuma na juu ya kabati, na asubuhi subiri nusu saa kabla ya kulifunga, hasa ile baridi ya Juni hadi Agosti. Godoro likifungiwa likiwa na jasho, litaota ukungu upande usiouona.

Mama yangu hutoka kijijini kila Krismasi. Ana miaka 76 na magoti yanamsumbua. Nimwekee hiki kwenye chumba cha wageni?
*Binti, Umoja*

Hapana. Vingi vya aina hii hulala karibu na sakafu, na ikibidi aamke usiku hana ubao wa pembeni wa kushikilia. Mwekee kitanda cha kawaida cha 3 na nusu kwa 6, chenye droo chini.

Changu kina miaka mitano. Siku hizi kinashuka kwa kishindo na kwenye fimbo ya pistoni kuna mafuta. Kimeharibika?
*Msomaji, Buruburu*

Kitanda ni kizima, pistoni ndiyo imekwisha. Yale mafuta ni mpira wa ndani unaovuja. Acha kukitumia hadi ubadilishe zote mbili kwa pamoja, za nyutoni zilezile, kwa sababu mpya na kuukuu zikifanya kazi pamoja fremu hupinda. Zibadilishwe kitanda kikiwa kimesimama, komeo limefungwa na mtu wa pili amekishikilia. Wakati wa kufunga mpya, fimbo nyembamba ielekee chini kitanda kinaposimama, ili mafuta ya ndani yaendelee kulowesha mpira. Zile kuukuu usizitoboe wala kuzitupa motoni: ndani bado mna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa.