Kulala Chali Nikiwa Macho: Yoga Nidra na Msiba wa Baba

Baba yangu alifariki tukiwa hatujapatana, na kwa karibu miaka miwili nilimwomboleza kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Mchana nilifanya kazi kama kawaida. Usiku maneno tuliyorushiana mara ya mwisho yalinirudia yote, na kadiri nilivyojitahidi kuyasahau ndivyo yalivyozidi kunikaba.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenielekeza kwenye yoga nidra, maneno ya Kisanskrit yenye maana ya usingizi wa yoga. Mpangilio wake unaofundishwa sana leo uliwekwa katika karne ya 20 na Swami Satyananda Saraswati wa India, aliyechota kutoka nyasa, desturi ya kale ya kugusa viungo vya mwili huku mantra, yaani maneno matakatifu, zikitamkwa. Unalala chali, viganja vikitazama juu, unajiwekea nia fupi iitwayo sankalpa, kisha unapitisha fikra zako katika kiungo kimoja baada ya kingine, kwa kawaida kuanzia kidole gumba cha mkono wa kulia. Baadaye unahesabu pumzi ukirudi nyuma kutoka 27.

Sehemu iliyonibadilisha ni ile inayofuata, ambapo unaitwa kuhisi hali zinazopingana: uzito kisha wepesi, baridi kisha joto, maumivu kisha raha. Nilipouita uzito, ulikuja; nilipouacha na kuita wepesi, nao ulikuja. Baada ya majuma kadhaa nilianza kujiuliza: ikiwa hali hizi zinapishana nami nipo nikizitazama, je, hasira hii niliyoibeba kama jina langu si mgeni kama hao wengine? Patanjali, mwanafikra wa kale wa India, anaeleza katika kitabu chake Yoga Sutra kwamba yoga ni kutuliza mawimbi ya akili, na kwamba yakitulia, mwenye kuona hukaa katika asili yake mwenyewe. Kwangu, kujitambua kulianzia hapo, kwa kumwona huyo anayetazama.

Ukitaka kuanza, chagua saa ambayo hujachoka sana, maana usingizi wa kweli hukuchukua upesi; dakika 20 au 30 zinatosha. Sankalpa yako isiwe ya kukataa. Yangu ya kwanza ilikuwa kwamba sitamfikiria tena, na kila nilipoitamka nilimfikiria. Nilipoibadilisha ikawa "ninamkumbuka baba yangu kwa utulivu", kifua kililegea, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Machozi hayo yasikutishe, lakini ikiwa umepitia ukatili au tukio la kutisha, usilifanye zoezi hili peke yako gizani: keti, acha macho wazi, na uwe na mshauri nasaha unayemwamini. Mwalimu anayekuahidi kukuamsha kiroho kwa siku moja, au anayekutaka uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mwache mara moja.

Maneno yale ya mwisho bado hunirudia usiku mmoja mmoja. Sasa nayasikiliza mpaka yaishe, nami nikihesabu pumzi, na baada yake huja sauti nyingine ya baba, ile aliyoitumia kunifundisha kusoma, ambayo kwa miaka miwili sikuwahi kuisikia.