Mwanangu kanakili kadi ya harusi, nimfundisheje kuandika mwaliko?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Morogoro, huyu wa kati ana miaka 8 yuko darasa la tatu. Juzi kaja na homuweki ya kuandika mwaliko, akachukua kadi ya harusi iliyokuwa juu ya friji akainakili yote, "familia ya Bwana na Bibi inayo furaha kubwa kukualika", mpaka lile neno "single" la pembeni nalo kaliweka. Nikamwambia andika ya kwako, akaandika "Njoo kwetu kuna keki" akafunga daftari. Mwezi ujao ni besdei yake na anataka kuwaalika wenzake mwenyewe. Nimsaidieje bila kumwandikia?

JIBU: Marahaba mama. Hilo "Njoo kwetu kuna keki" usilifute, mi nimelipenda sana, limetoka kichwani kwake na lina hamu ndani yake, lile la kadi ya harusi hata haelewi kasema nini.

Mtoto wako kualika anajua tayari. Si unamtuma kwa jirani, "nenda kamwambie mama fulani kesho kuna maulidi waje", na anaufikisha ujumbe vizuri tu? Tatizo ni kwamba kwa mdomo akisahau kitu anaulizwa palepale, karatasi haiulizwi. Kwa hiyo kabla hajashika penseli akualike wewe kwa mdomo, hata ukiwa jikoni unachambua mchicha. "Mama njoo besdei." Ya nani? "Yangu." Lini? Wapi? Saa ngapi? Kila akijibu mwambie haya liandike hilo, na yeye ndo aandike, usimshike mkono, herufi zikipinda acha zipinde kwanza maana ukianza kusahihisha kila neno atarudi kwenye kadi ya harusi.

Sasa kwenye saa hapo kaa naye kabisa, ndipo wengi wanapoanguka. Ukutani mshale uko kwenye 2, nyumbani anasikia saa nane, kwenye Kiingereza anafundishwa ni mbili, akija kuandika anaweka "saa 2 mchana". Kuna mwanafunzi wangu mmoja aliandika "saa 3" akimaanisha saa tisa alasiri, basi mwenzake akafika saa tatu asubuhi kavaa gauni la sikukuu na zawadi mkononi, mama mwenye nyumba bado yuko na kanga anaosha vyombo vya chai. Yule mtoto wa watu alilia na mpaka leo namkumbuka. Mfundishe kuangalia namba inayotazamana na ile ya mshale, ng'ambo ya 2 kuna 8, ng'ambo ya 3 kuna 9, halafu aandike kwa maneno na wakati wake, "saa nane mchana".

Mahali aandike vile angemwelekeza rafiki yake, nyumba ya geti la bluu nyuma ya mashine ya kusaga, inatosha. Chini namba yako ya simu, wazazi wenzio watataka kuhakikisha.

Akimaliza mwambie alinganishe wa rafiki na wa bibi yake. Kwa rafiki "njoo" ni sawa, kwa bibi aanze na shikamoo, "shikamoo bibi, nakualika", na kama ni bibi na babu pamoja inakuwa "nawaalika". Hilo atalisikia mwenyewe akisoma kwa sauti.

Ndo uje kwenye usafi. Manila moja ukiikunja mara nne unapata vipande 16, anakili pale kwa utaratibu, achore na keki yake. Ila kabla hajagawa, dada yake au kaka yake ausome bila kuelezwa chochote halafu aseme aende wapi na lini, akikwama sehemu ujue hapo pamepungua.

Na ule wa kwanza akupe wewe mama. Umjibu kwa maandishi, uweke ndani ya daftari lake akaukute shuleni: "Nimepata mwaliko wako, nitafika saa nane mchana, asante kwa kunialika."