Pesa za utafiti nazo ni za ulinzi

Shekhe, wasema utafiti ukatwe pesa iende jeshini ndio tuwe salama? Sikubali. Sheria ya sayansi ya Kenya ya 2013 yataka mfuko wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na kinachotoka ni chini kabisa ya hapo. Tazama KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki hapo Mkomani, Mombasa, ile meli yao ya utafiti RV Mtafiti walipewa na Ubelgiji, ilishatumika kule (ahsante lakini haya), sasa bajeti ya dizeli ikikatwa meli yafunga gati, na hakuna wa kutwambia samaki wako wapi huko bahari kuu ambako meli za nje zajivulia. Hao nevi, wanajeshi wa majini wa kambi ya Mtongwe, watalinda nini hasa?