Maswali ya Wasomaji: Tulikwenda Kununua Makochi

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja. Familia imefunga safari kwenda katika duka kubwa la samani, imefurahi, imechoka, imegombana, na sasa inataka kujua imekosea wapi. Tumechagua barua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao.

Swali: Assalaam alaykum, Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Fuoni, Unguja. Mwezi uliopita tulivuka kwenda Dar es Salaam, mimi, mume wangu, watoto wote, mavyaa wangu na wifi yangu, kwa nia ya kununua seti ya makochi ya ukumbini. Tuliingia katika duka la ghorofa tatu saa nne asubuhi, tukatoka saa tisa alasiri. Watoto walilala juu ya kila kitanda, na yule mdogo alipotea kwa robo saa, tukamkuta amesinzia ndani ya kabati la nguo. Mavyaa alitaka makochi ya rangi ya maziwa, mume wangu alitaka ya ngozi nyeusi, na wifi alikuwa akimwonyesha dada yake aliyeko Muscat kila kitu kwa video. Makochi hatukununua. Tulirudi na saa ya ukutani, mito sita, maua ya plastiki na sinia tatu, na fedha tuliyotumia ilikaribia theluthi ya fedha ya makochi. Ndani ya boti, kwa muda wa saa mbili, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Je, twende tena?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mwende tena, lakini msiende nyote. Kosa lenu lilitendeka kabla hamjafika bandarini Malindi, kwa sababu mlibeba safari mbili katika siku moja: safari ya kutembea, ambayo ni haki ya watoto na wazee, na safari ya kununua, ambayo ni kazi ya watu wawili wenye futi mkononi na bei ya mwisho kichwani.

Inafaa ujue kwamba duka la aina ile halikupangwa kama duka la Darajani, ambako mnunuzi husimama, akataja anachokitaka, na mwenye duka akakiteremsha. Maduka mengi makubwa ya samani duniani yamejifunza kutoka kwa kampuni ya IKEA ya Sweden, iliyoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 17, na ambayo ilifungua duka lake kubwa la kwanza katika mji wa Älmhult mwaka 1958. Mwaka 1960 duka hilo likawekwa mkahawa, kwa kuwa mteja mwenye njaa huenda zake, na mteja aliyeshiba hurudi ndani kutazama tena. Njia ya mteja ikapindwapindwa ipite katika vyumba vilivyokwisha kupambwa, kitanda kimetandikwa na taa imewashwa, ili mtu asione kochi peke yake, bali ajione yeye mwenyewe ameketi juu yake akinywa chai. Baada ya makochi na vitanda, mteja huteremka penye sahani, mito, taa na mapambo kabla hajalifikia dawati la kulipia. Kufikia hapo amechoka, ameshindwa kuamua jambo kubwa, na anaona aibu kutoka mikono mitupu, kwa hiyo hununua kitu kidogo. Sinia zenu tatu zilinunuliwa na uchovu.

Kwa hiyo, safari ya kwanza iwe ya kutembea, wala hailazimu kuvuka bahari, kwani hapa Unguja pia yapo maduka ya kutosha kuwafurahisha watoto kwa asubuhi nzima. Nendeni nyote, kaeni juu ya kila kochi, pigeni picha, andikeni bei na vipimo, kuleni, salini adhuhuri kwa wakati wake, na katika mkoba msiwe na fedha zaidi ya nauli na chakula. Siku hiyo wifi naye apige simu Muscat mpaka betri iishe. Mkisharudi nyumbani, kaeni na kahawa mzungumze. Mavyaa wako mwulizeni rangi hapo, si mbele ya muuzaji, kwa sababu mzee akishatamka mbele ya mtu baki hawezi tena kurudi nyuma bila ya kujiona amevunjiwa heshima, na mume wako atalazimika ama kumtii au kumuudhi, na yote mawili ni ghali. Kubalianeni pia ni nani mwenye neno la mwisho. Safari ya pili waende wawili tu. (Mimi na marehemu mume wangu tulijifunza haya baada ya kununua meza ya kioo ya watu wanane tukiwa watu watatu.)

Nakuomba usilipite hivi hivi suala la mtoto aliyelala kabatini. Kwa watoto, samani ni milima ya kupanda. Mwaka 2016 nchini Marekani, IKEA ilitangaza kuyaondoa sokoni makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kadhaa kufariki kwa kuangukiwa na makabati ambayo hayakufungwa ukutani. Mtoto akizivuta droo tatu kwa pamoja na kuzikanyaga kama ngazi, uzito wote huja mbele, na kabati humfuata. Likifika kabati la aina hiyo nyumbani kwenu, mwite fundi alifunge kwenye ukuta kwa chuma na skrubu siku ile ile. Ukuta wa matofali ya saruji hushika vizuri, ila wanaoishi katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa wasitosheke na skrubu fupi, kwa sababu chokaa humomonyoka na skrubu ikatoka na unga wake.

Swali: Shikamoo, Bibi. Mimi ni kijana wa Mji Mkongwe, tunakaa ghorofa ya pili pamoja na wazazi na ami yangu. Tulikwenda familia nzima kuchagua kochi la kona, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba yetu sote tulikubaliana. Furaha hiyo ilidumu mpaka kwenye pindo la kwanza la ngazi. Mahamali wanne walishindana nalo tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, majirani wakawa hawawezi kupanda wala kushuka, na hivi sasa kochi letu limo ukumbini kwa jirani wa chini, ambaye analikalia kwa raha zote. Dukani wamesema kilichouzwa hakirudi. Ami anashauri tubomoe sehemu ya ukuta wa dirisha.

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie ami yako aliweke chini hilo sululu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ukuta wa nyumba kama yenu haubomolewi bila ya idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Juu ya hayo, ukuta ule ndio unaobeba boriti, na boriti ndizo zinazobeba kitanda chake yeye mwenyewe.

Kwanza pindueni kochi, mtazame chini yake. Makochi mengi ya kona ni vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa ndoano za chuma, na miguu yake hufunguka kwa kuzungushwa kwa mkono. Mahamali hawalaumiwi kwa kutolijua hilo, lakini muuzaji alipaswa kuwaambia. Kama linaachana, kila kipande kisimamisheni wima kwenye pindo la ngazi. Hakikisheni vilevile kwamba mmefungua mabawa yote mawili ya mlango wa nje, kwa kuwa katika nyumba nyingi bawa lenye mfaa, yaani ule ubao wa katikati ya mlango, halifunguliwi miaka nenda miaka rudi, na watu wakasahau kwamba nalo ni mlango. Likishindikana kabisa, ng'oeni mbao za dirisha kwenye bawaba zake bila ya kuugusa ukuta, mlipandishe kwa kamba kutoka nje, na kazi hiyo wapeni watu waliokwisha kuifanya, asubuhi mapema kabla njia haijajaa watu.

Hata likipanda, lipimeni na chumba kabla ya kushangilia. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo mti wa mkoko ndio uliomwamulia mwashi upana wa chumba. Kochi la kona limebuniwa kwa ajili ya kumbi za mraba. Likiegemezwa kwenye chumba chembamba, huwa ni ukuta wa pili.

Kinachonishangaza ni kwamba mafundi wetu walikwisha kulijua tatizo hili. Kitanda cha besera cha bibi yangu kilifunguka nguzo zote nne, kikapanda ngazi kama mzigo wa kuni, kikafungwa tena chumbani. Huko Sweden, katika miaka ya 1950, mbunifu Gillis Lundgren wa IKEA aliing'oa miguu meza iliyokataa kuingia garini, na kampuni ikajenga biashara kubwa juu ya jambo hilo. Wakati mwingine mkienda dukani, chukueni vipimo vitatu vya nyumbani: upana wa mlango ukiwa wazi, upana wa ngazi penye pindo, na kimo kutoka kwenye kipandio cha pindo hilo mpaka darini. Hicho cha tatu ndicho ambacho kila mtu hukisahau.

Swali: Mheshimiwa mhariri, mimi ni baba wa familia, mkaazi wa Wete. Baada ya kuuza karafuu tulisafiri mimi, mke wangu na watoto hadi mjini Unguja, tukanunua kabati la milango mitatu lililofungwa ndani ya maboksi. Nililiunganisha mwenyewe kwa usiku mbili, watoto wakinishikia tochi, na nakiri kuwa usiku ule ulikuwa mtamu kuliko safari yenyewe. Zimebaki skrubu saba. Mke wangu anataka lifumuliwe na fundi. Mimi naliona ni kabati zuri kuliko yote niliyopata kumiliki. Nani ana haki?

Jibu: Mapenzi yako yana maelezo, bwana. Watafiti Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha mwaka 2012 utafiti unaoonyesha kwamba mtu hukithamini zaidi kitu alichokiunganisha kwa mkono wake kuliko kitu kama hicho kilichounganishwa na mwingine, na huwa tayari kukilipia bei kubwa zaidi. Waligundua pia kwamba mapenzi hayo huja pale kazi inapokamilika, na mtu akiiacha njiani hayatokei. Skrubu saba ni nyingi. Moja au mbili viwanda huongeza za akiba, na hizo kwa kawaida hutajwa katika karatasi ya maelekezo. Saba maana yake kuna mahali pamelegea, na mara nyingi ni kwenye ubao wa nyuma, ambao watu huudharau kwa wembamba wake ilhali ndio unaolizuia kabati lisiyumbe.

Hata hivyo, mke wako asilazimishe lifumuliwe lote. Ubao wa aina hiyo si mninga wala mkongo. Ni unga na chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na tundu la skrubu likifunguliwa na kufungwa mara kwa mara hulegea lisishike tena. Chukua karatasi ya maelekezo, kaa naye mkeo, yeye asome nawe utafute, mkianzia nyuma ya kabati. Watoto warudi na tochi yao.

Na kwa kuwa uko Pemba, kisiwa kisichokosa mvua, liinue kabati kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao au mpira, uliachie nafasi ndogo na ukuta wakati wa masika, na anayepiga deki asimwage maji chini yake. Ubao huo ukishakunywa maji huvimba kama mkate kwenye chai, wala haurudi.

Swali: Shikamoo, Bibi. Mimi nina miaka 12, ninasoma skuli, tunakaa Mpendae. Tulipokwenda dukani kununua makochi tuliruhusiwa kuyakalia na kuyarukia, na baba alicheka. Sasa yako nyumbani mwezi wa nne, na bado yamevaa nailoni. Tukikaa tunatoka jasho na yanapiga kelele. Bibi yetu anasema nailoni itatolewa wakija wageni, lakini wageni wakija wanaambiwa wakae juu ya nailoni. Itatoka lini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie bibi yako kwa adabu, ukimshika mkono, kwamba nailoni ile iliwekwa kwa ajili ya safari ya melini tu, na kwamba katika hewa yetu ya pwani unyevu hunaswa chini yake, kitambaa kikaota kuvu na kuanza kunuka kabla hakijakaliwa. Mwambie pia kwamba nailoni ikikatwa kwa mkasi, mkasi uanze upande wa chini, usikiguse kitambaa. Akikataa, msomee jibu hili. Mimi na yeye pengine ni rika moja, na seti yangu nimeivua nailoni juzi tu, baada ya miaka miwili.